Sheria za ugaidi za Kenya na Tanzania: ipi inamlinda mtu asiye na hatia?

Kila muswada wa usalama unapofika bungeni, wananchi huambiwa wachague kati ya usalama na uhuru. Mimi sioni kwamba huo ndio uchaguzi uliopo. Kenya na Tanzania zote zimeshapigwa na magaidi, zote zina sheria maalumu ya ugaidi, na zote huapa kuwa zinaheshimu haki za binadamu. Zinapotofautiana hasa ni pale mtu anapokwisha kukamatwa: yanayompata siku ya kwanza, wiki ya kwanza na mwaka wa kwanza. Naandika kwa ajili ya yeyote atakayeitwa kutoa maoni juu ya sheria hizi, awe wakili, diwani, imamu au mzazi wa kijana, ili ajue akisema "tuige kwa jirani" anaiga nini.

Kipimo changu ni swali moja. Mtuhumiwa anafikishwa lini mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumwachia?

Zilikotoka

Agosti 7, 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa siku moja, wakafa watu 224, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Novemba 2002 ikafuata hoteli ya Kikambala, kaskazini mwa Mombasa. Katikati ya matukio hayo, mwezi Septemba 2001, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 1373, lililozitaka nchi zote ziwe na sheria za kuadhibu ugaidi na kuziba njia za fedha zake.

Tanzania iliitika haraka. Sheria ya Kuzuia Ugaidi, namba 21, ilipitishwa mwaka 2002 hiyohiyo. Kenya ilileta muswada wake mwaka 2003, ukapingwa na mawakili, mashirika ya haki na viongozi wa Kiislamu, ukaondolewa. Jaribio la pili nalo halikufika. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ugaidi ikaja kupita mwaka 2012, na wakati huo nchi ilikuwa tayari na Katiba mpya ya 2010.

Miaka hiyo kumi ya ubishi ilizaa matunda. Sheria ya Tanzania iliingia chini ya Katiba ya 1977, ambayo ibara yake ya 30 inaruhusu haki kupunguzwa kwa ajili ya ulinzi na usalama wa umma kwa maneno mapana mno. Ya Kenya iliikuta ibara ya 25 mlangoni, inayosema kuna mambo hayapunguzwi kwa sababu yoyote ile: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na haki ya kufikishwa mahakamani ili mahakama iamue kama unashikiliwa kihalali.

Wapo wanaosema hakuna haja ya sheria maalumu kabisa, makosa ya kawaida ya mauaji na milipuko yanatosha. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Washtakiwa wa Kikambala walishtakiwa kwa sheria za kawaida, wakaachiwa Juni 2005, na serikali ikadai kuwa hiyo ni dalili ya pengo katika sheria. Lakini kesi huanguka ushahidi unapokuwa dhaifu, na ushahidi dhaifu hautibiwi kwa kubadilisha jina la kosa. Hata hivyo nchi zote mbili zimeshachagua njia ya sheria maalumu na sioni dalili ya kurudi nyuma, kwa hiyo ulinganisho wenye manufaa ni kati ya sheria hizi mbili.

Watu wawili, Julai mbili

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa viongozi wawili waliotuhumiwa ugaidi, wote mwezi Julai, kwa tofauti ya miaka minne.

Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, chama cha upinzani Tanzania, alikamatwa Mwanza usiku wa kuamkia Julai 21, 2021, siku ambayo chama chake kilikuwa kifanye kongamano la kudai Katiba mpya. Alifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Julai 26. Siku tano. Mashtaka yalikuwa ya kula njama za ugaidi na kufadhili ugaidi, na fedha zilizotajwa zilikuwa shilingi laki sita. Dhamana haikujadiliwa kwa sababu kosa lenyewe halina dhamana. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, ikaingia kesi ndogo ndani ya kesi kubwa juu ya maelezo ya onyo, yaani yale aliyoandikwa polisi, ya mshtakiwa mwenzake, majaji wakabadilika, mashahidi wa Jamhuri wakaja mmoja mmoja. Februari 2022 jaji akasema washtakiwa wana kesi ya kujibu. Machi 4, 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akasema hana nia ya kuendelea, na jioni hiyohiyo Mbowe akaonekana Ikulu na Rais Samia. Zaidi ya miezi saba gerezani, na hakuna hukumu.

Boniface Mwangi, mwanaharakati wa Nairobi, alikamatwa nyumbani kwake Jumamosi ya Julai 19, 2025. Idara ya Upelelezi ikatangaza kuwa anahusishwa na kuwezesha vitendo vya kigaidi katika maandamano ya Juni 25. Jumatatu Julai 21 akafikishwa Mahakama ya Kahawa, ile iliyo karibu na gereza la Kamiti na inayosikiliza kesi za ugaidi. Huko, neno ugaidi halikuwamo tena kwenye mashtaka. Alishtakiwa kwa kupatikana na risasi isiyo na makali na mikebe ya gesi ya kutoa machozi bila kibali, akaachiwa siku hiyohiyo kwa dhamana yake mwenyewe ya shilingi milioni moja.

Mwangi si mwema kuliko Mbowe, wala polisi wa Kenya si wapole kuliko wa Tanzania. Kilichomtoa ni ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya: ndani ya saa 24 uwe mahakamani, au siku ya kwanza ya kazi kama saa hizo zinaishia mahakama ikiwa imefungwa, na una haki ya dhamana isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito. Mpelelezi alilazimika kusimama mbele ya hakimu Jumatatu asubuhi na kitu mkononi, na kitu alichokuwa nacho hakikufikia ugaidi. Mpelelezi wa Tanzania hakuwekwa kwenye mtihani huo.

Dhamana

Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania kiliorodhesha makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, ugaidi na mengine. Hapo hakimu hana mamlaka. Hata akiona kwa macho yake kwamba mshtakiwa ni mgonjwa, ana familia na hana pa kukimbilia, mikono yake imefungwa. Mwenye uwezo wa kumtoa mtu ni Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani upande uleule uliomshtaki.

Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, kifungu kikabaki. Na orodha hii haikomei kwa magaidi. Aprili 2025 Tundu Lissu, naye wa CHADEMA, alipofunguliwa kesi ya uhaini, alikwenda mahabusu kwa njia hiyohiyo bila swali la dhamana kuulizwa.

Ongeza jambo la pili, ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi za Kisutu analijua kwa sauti. Kesi za aina hii huanza mahakama ya chini ambayo haina mamlaka ya kuzisikiliza. Mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote. Wakili wa Serikali anasimama, anasema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Hakimu anataja tarehe, karandinga linarudi gerezani. Baada ya wiki mbili, maneno yaleyale.

Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, akina Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, waliishi ndani ya sentensi hiyo kwa miaka. Walivushwa kutoka Visiwani wakashtakiwa Bara kwa ugaidi pamoja na wengine, jumla watu 36. Mawakili wao walibishana kuhusu mahakama ya Bara ina uwezo gani juu ya mambo yanayodaiwa kutendeka Zanzibar. Watoto walikua, wazazi walikufa, na katikati ya Juni 2021 mashtaka yakaondolewa. Ilikuwa imepita takriban miaka saba. Kama walikuwa na hatia, waathirika wa makosa hayo hawakupata haki yao. Kama hawakuwa nayo, walifungwa kifungo kamili bila kuhukumiwa. Kwa vyovyote vile sioni nani aliyelindwa.

Kenya inaruhusu polisi waombe muda zaidi. Kifungu cha 33 cha sheria ya 2012 kinampa hakimu uwezo wa kuagiza mshukiwa azuiliwe hadi siku 30 kwa mara moja, na zote zikijumlishwa zisizidi 90. Miezi mitatu rumande bila shtaka ni mingi kupita kiasi, na nitalirudia hilo. Lakini kila nyongeza inahitaji hati ya kiapo ya mpelelezi inayoeleza bado anatafuta nini: simu ziko maabara, shahidi hajapatikana, taarifa za miamala hazijafika. Wakili anaihoji hati hiyo. Hakimu aliyeombwa siku 30 anaweza kutoa 10, au kukataa. Na kuna mwisho unaojulikana.

Maana ya neno haikuokoi

Mijadala mingi hupoteza nguvu kwenye tafsiri ya "kitendo cha kigaidi". Tafsiri ni pana nchi zote mbili, kweli. Lakini angalia: sheria zote mbili zina kifungu kinachosema maandamano au mgomo unaovuruga huduma hauhesabiwi ugaidi maadamu haukukusudia kuleta madhara makubwa yaliyotajwa. Kenya kinga hiyo ilikuwepo wakati vijana waliokamatwa baada ya maandamano ya Juni 2025 walipopelekwa Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Maneno mazuri kwenye tafsiri huanza kufanya kazi siku ya hukumu, na mtu anayeonewa huumia muda mrefu kabla ya siku hiyo. Ukipewa dakika tano za kutoa maoni, usizimalizie hapa.

Nani anaweza kuifuta sheria mbaya?

Desemba 2014 Kenya ilikuwa inavuja damu. Mwaka mmoja nyuma shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilikuwa limechukua watu 67. Mandera abiria 28 waliuawa ndani ya basi mwezi Novemba, na siku chache baadaye wachimba mawe 36. Serikali ikaleta Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama. Desemba 18 ilipitishwa katikati ya vurumai, wabunge wakisukumana, karatasi zikichanwa, Naibu Spika Joyce Laboso akimwagiwa maji. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi.

Muungano wa upinzani CORD na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu wakaenda kortini. Wiki mbili hazijaisha, Januari 2, 2015, Jaji George Odunga akasimamisha baadhi ya vifungu. Februari 23 majaji watano wakafuta vifungu vinane moja kwa moja. Vilivyokwenda ni pamoja na kile kilichowatishia waandishi wa habari kwa kuchapisha mambo ya uchunguzi wa ugaidi bila idhini ya polisi, na kile kilichotaka wakimbizi wote nchini wasizidi 150,000, idadi ambayo ingemaanisha kuwafukuza mamia ya maelfu.

Vifungu vya kusikiliza mawasiliano vilibaki, na hapa majaji waliniacha njia panda. Walikubali kuwa faragha inaguswa, wakasema hatari iliyopo inahalalisha. Tanzania nako sheria ya ugaidi inampa polisi njia ya kuomba amri ya mahakama asikilize mawasiliano bila mwenye simu kujua. Kwenye jambo la simu, basi, sioni cha kumfanya mtu achague nchi moja badala ya nyingine.

Ila kwenye mlango wa mahakama tofauti ni kubwa. Kenya mtu yeyote anaweza kufungua kesi kwa niaba ya umma. Tanzania mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua kesi ya haki za msingi aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Aliyeathirika na sheria ya ugaidi mara nyingi yuko mahabusu. Na Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko lililowaruhusu wananchi na mashirika kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mahakama ambayo makao yake yako Arusha.

Mfano mmoja wa fedha uongezwe. Garissa iliposhambuliwa Aprili 2, 2015 na watu 148 kuuawa, wengi wao wanafunzi, serikali ya Kenya ilitoa orodha ya watu na taasisi zilizotuhumiwa kuhusiana na ugaidi. Ndani yake yalikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, Haki Africa na MUHURI. Akaunti zao zikafungwa. Yalikuwa mashirika yanayoandika habari za watu waliopotea baada ya kukamatwa, kwa hiyo kufungwa kwa akaunti kulizinyamazisha pia familia za watu hao. Mahakama Kuu ya Mombasa iliagiza akaunti zifunguliwe Novemba mwaka huohuo. Kwa shirika dogo miezi hiyo ni mirefu, lakini uamuzi ulipatikana.

Yasiyoandikwa kwenye sheria ya Kenya

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya wasomaji wa Mombasa, Kwale, Lamu na Garissa.

Pale sheria inapombana polisi, kuna wanaoizunguka. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, Wakenya walivushwa mpaka hadi Uganda bila amri ya mahakama, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema mwaka huohuo kuwa ni kinyume cha sheria. Al-Amin Kimathi, mwanaharakati aliyekwenda Uganda kufuatilia kesi zao, akatiwa ndani naye, akakaa mwaka mzima. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi Wasomali wa Eastleigh, walijazwa uwanja wa Kasarani kwa siku kadhaa, Katiba ya saa 24 ikiwa imeshatimiza miaka mitatu na zaidi. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi barabarani Agosti 2012 akiwa na kesi mahakamani, na Sheikh Abubakar Shariff, maarufu Makaburi, aliuawa nje ya korti ya Shanzu Aprili 2014. Oktoba 2020 mmoja wa washtakiwa wa Westgate aliachiwa huru na mahakama, na kesho yake akatekwa na watu wenye silaha jijini Nairobi.

Kuna mtu atasema: afadhali basi Tanzania, angalau unajua ndugu yako yuko gereza la Ukonga. Naielewa kauli hiyo, na nimeisikia kwa watu wenye uchungu wa kweli. Lakini haisimami. Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyefuatilia mauaji ya Kibiti, alichukuliwa Novemba 2017 na hajaonekana. Ali Kibao wa CHADEMA alishushwa kwenye basi Septemba 2024, akapatikana amekufa. Kunyima watu dhamana hakukuzuia utekaji. Tanzania ina matatizo yote mawili, Kenya ina moja kubwa.

Na hilo moja la Kenya lina chombo cha kulishughulikia, angalau kwenye maandishi: IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Ina uwezo wa kuchunguza na kupendekeza mashtaka. Tanzania ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye kazi nyingi mno na isiyoweza kumshtaki askari.

Ningechagua nini

Kwa anayetoa maoni Tanzania: acha mengine yote hadi dhamana ipatikane. Si dhamana ya lazima kwa kila mtu, bali uwezo wa jaji kusikiliza na kuamua. Kisha kikomo cha upelelezi kwa idadi ya siku, kikipita mtu atoke. Hayo mawili peke yake yangeyagusa maisha ya mahabusu wengi kuliko kuandika upya tafsiri nzima ya ugaidi.

Kwa anayetoa maoni Kenya: msikubali saa 24 ziguswe, hata siku ya msiba mkubwa, kwa maana ombi hilo huja siku hizo hasa. Siku 90 zipunguzwe. Uingereza, yenye historia ndefu ya mabomu, ilikataa siku 90 bungeni mwaka 2005 na sasa kikomo chake ni 14. Na kila kituo, kila gari na kila afisa wa kikosi cha kupambana na ugaidi awe na kumbukumbu inayoweza kukaguliwa na IPOA, kwa sababu utekaji huanzia kwenye gari lisilo na namba na mtu asiyejitambulisha.

Kwa familia ambayo ndugu yao amechukuliwa leo, isiyo na muda wa kusubiri marekebisho: nchi zote mbili Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru anayemshikilia mtu amlete mbele yake, hai, na aeleze sababu. Ombi hilo lina nguvu zaidi likipelekwa mapema. Andikeni saa aliyochukuliwa, mahali, rangi na namba ya gari, mavazi ya waliomchukua, na majina ya walioona. Nendeni kituo cha karibu mkaandikishe taarifa, mkiwa Kenya mdai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, mkiwa Tanzania mdai RB, nambari ya taarifa yenu polisi, hata kama askari wa zamu anasema hamjui mtu huyo. Karatasi hiyo ndiyo wakili ataiambatisha kwenye hati ya kiapo kesho asubuhi.